Nani Mrithi wa Hadithi? Mabishano juu ya Kusimuliwa Upya kwa Battlestar Galactica, 1978–2009

0. Utangulizi

Tarehe 20 Machi 2009 televisheni ya Marekani ilionyesha sehemu ya mwisho ya tamthilia ya mfululizo iitwayo Battlestar Galactica. Msomaji ambaye hajaitazama anaweza kuelezwa mwisho huo kwa maneno machache. Mabaki ya taifa lililoangamizwa na roboti, baada ya kutangatanga miongoni mwa nyota, yanaifikia sayari njema na kushuka katika nyika yenye majani na wanyama. Wakati ni miaka 150,000 kabla yetu. Kisha hadithi inaruka hadi New York ya siku zetu, na humo tunapewa habari kwamba wataalamu wamegundua mabaki ya mwanamke kijana, mama wa wanadamu wote, aliyeishi katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Binti huyo, twafahamishwa, alikuwa mtoto aliyeletwa na wasafiri wale.

Hivyo basi, hadithi iliyotungwa Marekani miaka 31 kabla ya hapo, na iliyozua ugomvi mrefu miongoni mwa wapenzi wake, iliishia katika ardhi ambako leo watu huamkiana kwa Kiswahili. Sababu hiyo peke yake ingetosha kutufanya tuiangalie. Lakini iko sababu nyingine iliyo nzito zaidi. Ugomvi wenyewe ulihusu swali ambalo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi amelizoea: hadithi ni mali ya nani? Ni ya aliyeitunga, ya aliyeinunua, ya waliokaa wakaisikiliza, au ya wale wanaosimuliwa ndani yake?

Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya ugomvi huo kwa ufupi, kupima hoja za pande zote mbili, na hatimaye kuonyesha jambo ambalo pande zote mbili zililipita bila kulisimamia. Hatukusudii kuamua kama tamthilia ya pili ni bora kuliko ya kwanza. Swali hilo ni la ladha, na ladha haina hakimu.

1. Kuendeleza na kusimulia upya

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Hadithi ya zamani inaweza kuendelezwa, yaani yaliyotokea mwanzo huhesabiwa kuwa yametokea, na msimulizi mpya huanzia pale alipoachia mwenziwe. Tena yaweza kusimuliwa upya, yaani msimulizi hurudi mwanzoni kabisa, akachukua majina na kiini cha kisa, na mengine akayabadili apendavyo. Katika njia ya kwanza mhusika huzeeka. Katika njia ya pili huzaliwa mara ya pili, na maisha yake ya awali huwa kana kwamba hayakuwahi kuwepo.

Televisheni ya bunilizi za kisayansi imezijaribu njia zote mbili. Tamthilia ya Kiingereza Doctor Who, iliyoanza tarehe 23 Novemba 1963 na kusimama mwaka 1989, iliporudi tarehe 26 Machi 2005 ilikuwa inaendelezwa: shujaa alikuwa yuleyule, na yaliyompata zamani yalibaki kuwa yake. Star Trek ya mwaka 1966 iliendelezwa mwaka 1987 kwa mabaharia wapya wa karne iliyofuata. Filamu ya Star Trek ya mwaka 2009 ilitafuta njia ya katikati: iliwarudisha mashujaa wa kale katika ujana wao, lakini ikamleta Leonard Nimoy, Spock wa zamani, ashuhudie kwamba maisha ya kwanza yalikuwepo kweli. Battlestar Galactica ilisimuliwa upya bila daraja la namna hiyo, na ndiyo maana mabishano yake yalikuwa makali.

Sisi wa fasihi simulizi tunaweza kushangaa. Mwaka 1956 Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck utendi wa Mwindo katika nchi ya Wanyanga, nao ukachapishwa mwaka 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene. Mwaka 1978 Biebuyck alichapisha masimulizi mengine ya Wanyanga yanayotofautiana na lile la Rureke, wala hatujasikia kwamba mmoja wa wasimulizi alidaiwa kuwa amemuua Mwindo wa mwenziwe. Kadhalika habari za Fumo Liyongo zilikuwa zikisimuliwa kwa namna nyingi kabla Muhammad Kijumwa hajaziandika kwa utenzi mwaka 1913, na ziliendelea kusimuliwa baadaye. Kila msimulizi ana Liyongo wake, na Liyongo hapungui.

Tofauti ni nini? Tofauti ni kwamba Mwindo hana hati ya umiliki. Yeyote aliyejifunza kwa mlezi wa sanaa hiyo anaweza kumsimulia, na masimulizi mawili yanaweza kukaa kijijini pamoja. Hadithi ya televisheni ina mwenye mali mmoja, naye hutoa ruhusa moja. Akiruhusu masimulizi mapya, kwa kawaida hufunga mlango wa yale ya zamani. Kwa hiyo waliokuwa wakigombania njia ya kusimulia walijua kwamba nafasi ni moja tu, na anayeikosa huenda akaikosa maisha.

2. Galactica ya kwanza, 1978–1980

Galactica ya kwanza ilitungwa na Glen A. Larson na kuanza kuonyeshwa na shirika la ABC siku ya Jumapili, tarehe 17 Septemba 1978. Mwaka mmoja kabla, filamu Star Wars ilikuwa imevunja rekodi za mapato, na kila shirika lilitaka nyota zake. John Dykstra, aliyesimamia picha za vyombo vya angani katika filamu ile, aliajiriwa kwa tamthilia hii pia. Kampuni ya 20th Century Fox iliona mfanano umezidi, ikawapeleka Universal mahakamani.

Kisa chenyewe ni hiki. Wanadamu wa makoloni kumi na mawili wamepigana na roboti waitwao Cylon kwa miaka elfu. Adui anaomba amani. Viongozi wanakwenda kutia sahihi mkataba, na papo hapo makoloni yote yanashambuliwa na kuteketezwa, kwa msaada wa msaliti aitwaye Baltar. Manowari moja ya angani, Galactica, inaokoka chini ya Kamanda Adama, aliyechezwa na Lorne Greene. Inakusanya vyombo vyovyote vilivyobaki, vizuri na vibovu, na kuanza safari ya kulitafuta kabila la kumi na tatu lililopotea, katika sayari iitwayo Dunia.

Usiku ule wa kwanza historia yenyewe iliingilia kati. Matangazo yalikatizwa ili taifa lioneshwe Rais Carter, Rais Sadat na Waziri Mkuu Begin wakitia sahihi mapatano ya Camp David. Watazamaji walitolewa kwenye hadithi inayoonya kwamba mkataba wa amani ni mtego, wakapelekwa kwenye mkataba wa amani wa kweli, kisha wakarudishwa kwenye hadithi. Kwa mwanahistoria, tukio hilo laonyesha Galactica ya kwanza ilikuwa mtoto wa zama gani: zama za vita baridi, ambapo wengi waliamini kuwa anayeweka silaha chini ndiye anayekufa.

Hadithi ilikuwa na mizizi mingine pia. Larson alikuwa Mmormoni, na alama za imani yake zaonekana wazi: baraza la watu kumi na wawili, na sayari ya asili iitwayo Kobol, jina linalokaribiana mno na Kolob ya maandiko ya Wamormoni. Kofia za marubani zilifanyizwa kwa mfano wa vilemba vya mafarao, na maneno ya ufunguzi yalidokeza kwamba mababu wa Wamisri na wa mataifa mengine ya kale huenda walitoka nyotani. Dhana hiyo tutairudia.

Gharama zilikuwa kubwa, watazamaji wakapungua, na ABC ikaikomesha mwaka 1979 baada ya msimu mmoja. Mwaka 1980 ilifufuliwa kwa bei nafuu chini ya jina la Galactica 1980, ikaifikisha manowari kwenye Dunia ya siku zile, na ikafa baada ya sehemu 10. Wapenzi wengi wa ile ya mwanzo hawakuipenda, na wakataka isihesabiwe. Jambo hili lishikwe akilini: hata wale waliokuja kutetea mwendelezo walikuwa tayari kukata tawi lililowachukiza. Hakuna mpokezi wa hadithi asiyechagua.

3. Miaka ya kungoja

Msimu mmoja ni muda mfupi. Hata hivyo hadithi hiyo ilikuwa imeachwa njiani, na safari isiyofika husumbua moyo kuliko iliyofika vibaya. Watoto waliokuwa na miaka kumi mwaka 1978 walikua nayo. Walikutana, wakaandikiana barua, wakatunza kanda, wakahesabu makosa na kuyasamehe.

Miongoni mwa waliongoja alikuwemo mmoja wa wachezaji wenyewe. Richard Hatch, aliyekuwa Apollo, mwana wa Adama, alikataa kukubali kwamba kazi imekwisha. Kuanzia mwaka 1997 alitoa riwaya, akishirikiana na waandishi wengine, zinazoendeleza kisa. Mwaka 1999 alitengeneza kwa fedha zake filamu fupi ya kutangazia mwendelezo alioupa jina la The Second Coming, akaizungusha katika mikutano ya mashabiki ili kampuni ione kwamba watu bado wapo. Lorne Greene alikuwa amefariki mwaka 1987, lakini wachezaji wengine walikuwa hai, na katika mpango wa Hatch wangerudi wakiwa watu wazima, wakiwa na makovu ya safari.

Mwaka 2001 ilionekana kama kwamba ngoja ngoja imezaa matunda. Bryan Singer na Tom DeSanto walikuwa wakitayarisha tamthilia ya kuendeleza ile ya zamani. Ndipo yakaja mashambulio ya tarehe 11 Septemba 2001. Ratiba zikavurugika, Singer akaitwa kwenye filamu nyingine, na mradi ukaporomoka. Wapenzi wa mwendelezo walikuwa wamelifikia lango, wakaliona likifungwa.

Kampuni haikungoja sana. David Eick alimwendea Ronald D. Moore, mwandishi aliyepata jina katika Star Trek za miaka ya tisini, akamwomba aitazame upya Galactica ya 1978. Moore aliitazama miezi michache tu baada ya Septemba ile. Hadithi ya watu wanaoamka asubuhi moja na kukuta miji yao imegeuka majivu haikuwa tena hadithi ya watoto. Akaamua kwamba hataiendeleza, bali ataisimulia upya tangu mwanzo.

4. Hoja za pande mbili

Galactica ya pili ilianza kwa tamthilia ya siku mbili, tarehe 8 na 9 Desemba 2003, katika kituo cha Sci Fi. Mabishano yalitangulia miezi mingi kabla ya picha ya kwanza kuonekana. Mabadiliko yalikwisha julikana. Cylon hawakuwa tena adui wa kigeni, bali watumishi waliotengenezwa na wanadamu wenyewe wakaasi, na baadhi yao wana sura na damu kama watu. Rais wa waliosalia ni mwanamke, Laura Roslin, aliyekuwa waziri wa elimu na aliyekuwa wa 43 katika safu ya urithi wa madaraka. Rubani Starbuck, ambaye mwaka 1978 alikuwa mwanamume mcheza kamari mwenye sigara kubwa mdomoni, sasa ni mwanamke.

Katika mkutano wa mashabiki wa kuadhimisha miaka 25, uliofanyika mwaka 2003, Moore alisimama mbele ya watu waliojaa hasira akawaonyesha vipande vya kazi yake. Wengine walizomea. Edward James Olmos, Adama mpya, alikuwa amekwisha sema hadharani kwamba wapenzi wakubwa wa ile ya zamani afadhali wasiitazame. Mwaka 2004 Dirk Benedict, Starbuck wa kwanza, aliandika makala makali ya kulalamika kwamba uanaume wa mhusika wake umehasiwa.

Ni rahisi kuucheka upande wa kale kwa kuitaja hoja hiyo ya mwisho tu, na wengi wameucheka hivyo. Lakini hoja zake zilikuwa zaidi ya moja, na baadhi hazikuwa za kipuuzi hata kidogo.

Hoja ya kwanza ilikuwa ya kumbukumbu. Waliosema hivi hawakukataa mabadiliko, kwani mwendelezo wa Hatch nao ungebadili mengi. Walikataa kuambiwa kwamba safari waliyoifuata haikutokea. Walitaka muda uliopita uhesabiwe kuwa umepita.

Hoja ya pili ilikuwa ya matumaini. Galactica ya kwanza ilitazamwa na familia nzima sebuleni, na pamoja na maafa yake yote ilikuwa na baba mwadilifu, mwana mtiifu na rafiki mchekeshaji. Ile ya pili ilikuwa na giza, ulevi, mateso na mambo ya kitandani. Mzazi aliyetaka kumrithisha mwanawe alichorithi yeye alijikuta hawezi.

Hoja ya tatu haikusikika sana, nasi twaona ilistahili kusikika. Mwaka 1978 wawili kati ya maofisa wakuu wa manowari walikuwa watu weusi: Kanali Tigh, aliyechezwa na Terry Carter, na rubani Boomer, aliyechezwa na Herbert Jefferson. Katika televisheni ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Katika masimulizi mapya Tigh alikuwa mzungu, na Boomer alikuwa mwanamke mwenye asili ya Asia. Ni kweli wanawake walipata nafasi walizonyimwa mwanzo, na Dualla, ofisa wa mawasiliano, alichezwa na Kandyse McClure, mzaliwa wa Durban. Hata hivyo, aliyekuwa wa pili kwa cheo alitoweka, na waliolalamikia Starbuck walikuwa wengi kuliko waliomlilia Tigh.

Upande wa pili nao ulikuwa na hoja zake. Walisema kwamba Galactica ya kwanza ilishindwa kuibeba hadithi yake yenyewe: makoloni kumi na mawili yameteketea, na kabla tanga halijaisha wahusika wako katika nyumba ya kamari wakistarehe. Maiti hawakuliliwa. Walisema kwamba kisa kizuri kilichosimuliwa kwa haraka kina haki ya kusimuliwa tena kwa utulivu, na kwamba zama mpya zina hofu mpya: mwaka 1978 watu waliogopa adui aliye ng'ambo, mwaka 2003 waliogopa aliye nyumbani, mwenye sura kama yao. Zaidi ya yote walisema kwamba kusimulia upya hakufuti kitu. Kanda za zamani bado zipo, na anayezitaka azitazame.

Hoja hiyo ya mwisho ndiyo iliyorudiwa zaidi, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Kanda ipo, ni kweli. Lakini waliongoja miaka 25 hawakungoja kanda. Walingoja hadithi yao iendelee kuishi, na kitu kinachoishi hukua, hakirudiwi tu. Mtu aliyeambiwa kwamba picha ya marehemu babake imetundikwa ukutani hajajibiwa swali la nani atakaa kwenye kiti cha baba.

5. Apollo anageuka Zarek

Historia ya mabishano haya ina tukio moja ambalo mtunzi wa riwaya angeogopa kulibuni. Moore alimwomba Richard Hatch, kiongozi wa wapinzani wake, aingie katika tamthilia mpya. Hatch akakubali. Hakupewa sura ya Apollo, maana Apollo alikuwa na mwenyewe sasa. Alipewa Tom Zarek, mfungwa wa kisiasa aliyefungwa miaka mingi kwa kupigania watu wa koloni lake.

Zarek anapotokea mara ya kwanza, anateka mateka ndani ya chombo cha wafungwa na kutoa dai moja: uchaguzi. Anauliza ni nani aliyempa Roslin mamlaka ya kuwatawala waliosalia, ilhali hakuna aliyempigia kura. Anayejadiliana naye ni Apollo mpya, kijana aliyechukua jina ambalo Hatch alilibeba. Apollo wa kale akiwa katika nguo za mfungwa anamuuliza Apollo wa leo juu ya uhalali wa wenye madaraka. Na Apollo wa leo, baada ya kufikiri, anakiri kwamba dai hilo ni la haki, na anaahidi kwamba uchaguzi utafanyika.

Hatujui, wala hatuhitaji kujua, kama waandishi walikusudia fumbo hilo. Linasomeka lenyewe. Swali ambalo mashabiki wa kale waliuliza nje ya tamthilia, yaani nani alikupa haki, liliingia ndani ya tamthilia na kuwa mojawapo ya misingi yake. Zarek alibaki humo hadi karibu na mwisho: mara mbunge, mara makamu wa rais, mara mwasi. Katika maasi ya msimu wa mwisho alishindwa, akapigwa risasi kwa amri ya Adama. Hatch mwenyewe, aliyefariki tarehe 7 Februari 2017, alikuwa amekwisha patana na kazi iliyomnyang'anya ndoto yake, na wengi waliokuwa nyuma yake walimfuata.

Lakini mapatano si sawa na kushindwa. Galactica ya pili ilipata sifa nyingi. Sehemu iitwayo "33" ilipewa tuzo ya Hugo mwaka 2005, na tamthilia yenyewe tuzo ya Peabody. Msimu wa tatu, ulioanza mwaka 2006, uliwaonyesha wanadamu wakikaliwa na Cylon na kuwapinga hata kwa mabomu ya kujitoa mhanga, na watazamaji wa Marekani waliona Iraki, safari hii wakiwa upande wa wanaokaliwa. Tarehe 17 Machi 2009 Umoja wa Mataifa uliwaita watengenezaji na wachezaji New York kuzungumzia haki za binadamu, ugaidi, usuluhishi na watoto katika vita. Kwa sisi wa Kongo mambo hayo hayakuwa bunilizi: mwezi Januari mwaka uleule, kesi ya Thomas Lubanga juu ya askari watoto wa Ituri ilikuwa imefunguliwa The Hague.

Kutokana na ushindi huo, simulizi iliyozoeleka hudai kwamba mashabiki wa kale walikosea na wakaumbuliwa. Twaona hukumu hiyo si ya haki. Ubora wa kazi mpya hujibu swali kama kazi mpya ni nzuri. Haujibu swali kama waliokuwepo walistahili kuulizwa. Mtawala anaweza kutawala vema bila kuchaguliwa, na bado dai la uchaguzi likawa halali. Tamthilia yenyewe, kwa kinywa cha Zarek, ilikiri hivyo.

6. Wenyeji wa nyika

Sasa turudi katika nyika tuliyoanza nayo. Sehemu ya mwisho ilizua mabishano mapya. Wengine walichukia kwamba Mungu alitumiwa kufungua mafundo ya kisa, wengine walishangaa kwamba watu wenye dawa na mashine walikubali kuvitupa vyombo vyao vyote juani. Sisi tunataka kutazama jambo jingine.

Wasafiri wanaposhuka wanakuta watu. Wanawatazama kwa mbali, wamejificha majanini, wakiwa na darubini. Wanasema kwamba wenyeji hawa ni watu kama wao hata kwa damu, ila bado hawana lugha. Jibu linalotolewa ni kwamba wageni wanaweza kuwapa lugha, pamoja na yote yaliyo bora katika nafsi zao. Kisha wanatawanyika nchini. Wenyeji hawasemi neno, maana imeamuliwa kwamba hawana.

Msomaji wa jarida la masomo ya Kiswahili hahitaji kuelezwa kwa nini sentensi hiyo yaumiza. Wageni kutoka mbali wanafika Afrika Mashariki, wanaona watu, wanaamua kwamba hawana lugha, na wanajitolea kuwapa. Tumeisoma mara nyingi katika vitabu ambavyo havikuitwa bunilizi. Na tuseme kwa haki kwamba masimulizi ya kwanza hayakuwa na usafi zaidi. Yalipodokeza kwamba mababu wa wajenzi wa Misri huenda walitoka nyotani, yaliifuata dhana iliyovuma tangu miaka ya sitini, ambayo huwapa wageni wa angani kazi za mikono ya Waafrika na ya Wahindi wa Amerika. Mwaka uleule wa 1978 kikosi cha Mary Leakey kilikuwa kikifukua nyayo za Laetoli, huko huko Tanzania, nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni 3 na nusu iliyopita. Ardhi ilikuwa ikitoa ushahidi wake, na televisheni ilikuwa ikitazama juu.

Galactica ya pili ilikuwa na elimu ambayo ya kwanza haikuwa nayo. Utafiti wa Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson, uliochapishwa mwaka 1987, ulionyesha kwamba ukoo wa kike wa wanadamu wote walio hai unarudi kwa mwanamke mmoja aliyeishi, kwa kukadiria, Afrika, yapata miaka 200,000 iliyopita. Hakuwa mwanamke pekee wa wakati wake, wala hakuna mfupa unaoweza kutambuliwa kuwa wake. Tamthilia iliichukua elimu hiyo, ikaipa mifupa, kisha ikamfanya mama huyo kuwa mtoto wa wageni. Afrika ilikubaliwa kuwa nyumba ya mama, kwa sharti kwamba mama mwenyewe atoke kwingine.

Katika hoja kuu za mabishano yale, za kale na za mpya, jambo hilo halikuwa na nafasi. Waligombania Starbuck, Apollo, giza na matumaini. Waligombania nyumba, vyumba na funguo. Hawakuuliza kiwanja ni cha nani.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba mashabiki wa kale walikuwa na dai halali: aliyetunza hadithi miaka 25 bila malipo ana sehemu katika urithi wake, hata kama sheria haimjui. Tumeona pia kwamba waliosimulia upya walikuwa na haki yao: hadithi isiyobeba maiti wake yahitaji msimulizi mwingine. Palipokosekana ni mahali pa kuyaweka masimulizi mawili pamoja bila moja kuitwa mfu, jambo ambalo wasimulizi wa Mwindo na wa Liyongo walilipata bila mahakama.

Lakini fundisho tunalolipendekeza kwa wanafunzi wetu ni la tatu. Kila hadithi ina warithi wa aina tatu: waliopewa na sheria, waliopewa na mapenzi, na wale ambao ardhi, mifupa na jina lao vimetumiwa ndani yake. Wawili wa kwanza hugombana kwa sauti na historia huwaandika. Wa tatu husimama majanini akitazamwa kwa darubini. Kazi ya chuo kama chetu si kuingia katika ugomvi wa wawili wa kwanza kwa kuchagua Starbuck wa kiume au wa kike. Kazi yetu ni kuandika yale ambayo mwenyeji wa nyika angesema, kwa kuwa lugha alikuwa nayo, na tungali tunaizungumza.